Pima maji kwanza, chujio baadaye: aseniki na risasi kwenye visima vyetu

Wateja wanaofika dukani kwetu hapa Mwanza huuliza chujio lipi ni bora. Nasi huwauliza: maji yako yana nini? Swali hilo ni zito zaidi kwa waliochimba visima Geita, Tarime na kwingineko kwenye dhahabu. Mwamba wa dhahabu mara nyingi hubeba pia madini yenye aseniki, ambayo ni sumu, na ukipata hewa na maji, aseniki hiyo huyeyuka taratibu hadi kisimani. Haina rangi wala harufu wala ladha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita, na maji maangavu kabisa yanaweza kukivuka. Kuchemsha hakusaidii: mvuke huondoka, aseniki hubaki sufuriani.

Chujio la kauri huzuia tope na vijidudu, lakini metali iliyokwisha kuyeyuka hupita nayo maji. Inatakiwa punje ambayo metali itanata kwenye uso wake, na kila metali ina punje yake. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Mkaa ulioamilishwa una vitundu vingi mno, kiasi kwamba gramu moja huwa na uso wa zaidi ya mita za mraba 500, na kwa harufu na klorini ni hodari. Kwa aseniki hatuushauri. Mkaa wa mifupa, ule unaotumika Arusha kupunguza floraidi, hunasa vizuri metali za risasi (lead) na kadimi.

Aseniki hupenda kutu ya chuma. Abul Hussam, mkemia mzaliwa wa Bangladesh, alitengeneza chujio la ndoo lenye mchanga na chuma kilichoandaliwa maalumu, na mwaka 2007 likampatia tuzo ya dola milioni moja Marekani. Nepal nako wanatumia misumari iliyoshika kutu juu ya mchanga. Sisi tunauza punje za oksidi ya chuma zinazofanya kazi kwa njia hiyohiyo, na tunaziamini.

Kuna sharti moja. Maji ya kisima kirefu yasiyopata hewa huwa na aseniki ya aina isiyo na chaji ya umeme, ambayo hainati vizuri. Tia klorini kwanza, subiri, ndipo uchuje. Mteja akiruka hatua hii, hata chujio la bei kubwa litamwangusha.

Na punje hujaa. Zikijaa, maji hutoka maangavu vilevile, ila aseniki inapita, na hakuna ladha ya kukuonya. Ndiyo maana kila chujio tunalofunga lina mita ya kuhesabu lita. Tunapima maji yanayotoka muda mfupi baada ya kufunga, kisha kila mita inapokaribia kiwango tulichokuandikia kwenye kadi. Tafadhali usioshe punje mwenyewe. Tumeona watu wakitumia limau au siki kuondoa chokaa: tindikali hiyo hubandua risasi iliyonaswa na mkaa wa mifupa na kuirudisha majini. Magadi nayo hufanya vivyo hivyo kwa aseniki iliyoshikwa na kutu.

Punje zilizotumika zisimwagwe shambani wala chooni. Zifunge kwenye mfuko mzito uzilete dukani. Tunazipokea bila malipo na kuzikabidhi kwa wenye kibali cha kuteketeza taka hatarishi.

Kabla ya kuja, peleka sampuli kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi ya Kanda ya Ziwa. Zote zipo Mwanza. Chukua chupa kwao, usitumie ya soda. Omba wapime aseniki, risasi, zebaki, pH (kipimo cha tindikali ya maji) na fosfati, maana fosfati hugombea nafasi na aseniki kwenye punje. Njoo na karatasi ya majibu pamoja na makadirio ya lita mnazokunywa na kupikia kwa siku. Kwa maji ya kufulia huhitaji chujio hili.