Kabla ya kututajia redio namba moja, tuambieni mmehesabuje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie habari mliyoipa ukurasa mzima hivi karibuni, ile ya kituo cha redio kilichotangazwa kuwa namba moja kwa wasikilizaji. Niliisoma mara mbili. Jedwali lilikuwepo, asilimia zilikuwepo, picha ya watangazaji wakishangilia nayo ilikuwepo. Kilichokosekana ni namna asilimia hizo zilivyopatikana: waliulizwa watu wangapi, lini, kwa njia gani, na kazi hiyo ililipiwa na nani. Bila hayo, msomaji ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Naandika kwa uchungu kwa sababu kazi hii nimeifanya kwa mikono yangu. Kwa misimu kadhaa nilikuwa mdodosaji wa kampuni ya utafiti, nikipiga hodi nyumba hadi nyumba na dodoso mkononi. Swali kuu lilikuwa hili: jana ulisikiliza redio gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi? Nilitakiwa kumrudisha mhojiwa kwenye siku yake yote, tangu alipoamka, robo saa kwa robo saa.

Kuna mama mmoja sijamsahau. Alinikaribisha ndani akiwa anakunja nguo. Redio ndogo ilikuwa juu ya kabati nyuma yake, antena imeungwa kwa waya. Nilipomuuliza asubuhi huwa anasikiliza kituo gani, alijibu papo hapo, akataja kituo kikubwa ambacho kila mtu anakijua. Anataja hivyo, na mgongoni mwake anaongea mtangazaji wa kituo kingine kabisa. Nikamuuliza kwa upole, "Na hiki kinachosikika sasa, mama?" Akageuka, akaitazama redio kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Hiki? Hiki si kipo tu hapo siku zote."

Hakuwa anadanganya. Jina la kile kikubwa lilikuwa mdomoni mwake kwa sababu mabango yake yamejaa barabarani. Hiki alichokuwa akiishi nacho kutwa kilikuwa kimezoeleka hata hakimjii akilini anapoulizwa. Utaratibu ulinitaka niandike jibu alilolitoa yeye. Nikaliandika.

Udhaifu huo haukuanza na mama yule. Marekani, mwaka 1930, Archibald Crossley alianza utafiti wa kuwapigia watu simu na kuwauliza walisikiliza nini siku iliyotangulia, na tatizo likawa lile lile: vipindi vyenye majina makubwa vinakumbukwa, vingine vinasahaulika. Miaka michache baadaye C. E. Hooper akabadilisha swali, akawa anauliza, "Sasa hivi unasikiliza nini?" Kusahau kukapungua. Lakini asiye na simu hakuhesabiwa, na enzi hizo wasio na simu walikuwa wengi.

Ikaja pia shajara, kijitabu cha wiki moja ambacho msikilizaji anajaza mwenyewe. Uingereza, RAJAR, chombo kilichoanzishwa mwaka 1992 na kinachomilikiwa kwa pamoja na BBC na vituo vya biashara, kilijenga hesabu zake juu ya shajara kwa miaka mingi. Naupenda mpango ule kwa jambo moja: mahasimu wamekubaliana kupimwa kwa mizani moja. Hata hivyo shajara nazo nimezikusanya, na nimeona mengi. Unafungua kijitabu, unakuta wino mmoja, mwandiko mmoja, mstari umenyooka kutoka Jumatatu hadi Jumapili, saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi kila siku. Katika wiki nzima hakuna hata siku moja ambayo huyu mtu alichelewa kuamka. Mtu yeyote wa kazi hii anajua kijitabu hicho kimejazwa Jumapili usiku, kwa mkupuo mmoja.

Kisha kikatafutwa kifaa cha kuondoa kumbukumbu katika hesabu. Kampuni ya Arbitron ya Marekani, ambayo kampuni nyingine ya vipimo, Nielsen, iliinunua mwaka 2013, ilitengeneza kidude ambacho mshiriki anatembea nacho kutwa. Kituo kinaficha alama ndani ya sauti yake, sikio haliitambui, kidude kinainasa na kuandika muda. Ni maendeleo makubwa, nakiri. Lakini kidude hakijui kama mwenyewe anasikiliza au amekaa tu mahali ambapo redio ya mwingine inaunguruma. Pia alama ile inajificha chini ya sauti nyingine, kwa hiyo mazungumzo tulivu yenye ukimya wa hapa na pale hayaifichi vizuri kama muziki mzito; hapo inawekwa hafifu, na kidude kinaweza kuikosa. Vituo vikaanza kununua mtambo wa kuikuza, hadi mwaka 2015 Nielsen ikaiimarisha yenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 2008, wanasheria wakuu wa majimbo ya New York na New Jersey walikuwa wameishtaki Arbitron wakidai kwamba sampuli yake, yaani watu wachache waliochaguliwa kuwakilisha wengine, inawapunja wasikilizaji weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Mashauri yalimalizwa kwa maelewano Januari 2009, kampuni ikakubali kurekebisha namna ya kuwapata washiriki. Kidude kilikuwa kizima. Kasoro iliyolalamikiwa ilikuwa katika kuchagua nani apewe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijawahi kuliona likielezwa gazetini, nalo ndilo linaloamua nani ni namba moja: kusikiliza ni nini? Kanuni iliyotumika kwa miaka mingi ni kwamba ukisikiliza kituo kwa dakika 5 ndani ya robo saa, robo saa yote inahesabiwa kuwa yake. Tazama kinachotokea. Mtu wa kwanza amefungulia redio saa nne na dakika 10, akazima saa nne na dakika 20. Amesikiliza dakika 10, lakini zimegawanyika tano kabla ya saa nne na robo na tano baada yake, kwa hiyo anaandikiwa robo saa mbili. Wa pili amefungulia saa nne na robo, akazima saa nne na nusu. Amesikiliza dakika 15 kamili, anaandikiwa robo saa moja. Aliyesikiliza kidogo amehesabiwa mara mbili ya aliyesikiliza zaidi. Umewahi kujiuliza kwa nini mtangazaji anakubembeleza usiondoke, jibu la fumbo linakuja, halafu jibu linatolewa dakika chache baada ya robo kupita? Ndiyo sababu. Na Januari 2025 Nielsen ilishusha kiwango hicho, kwa vipimo vya kidude chake, kutoka dakika 5 hadi 3. Hesabu za vituo zikapanda bila msikilizaji kuongeza hata dakika moja.

Hata neno "kuongoza" lenyewe lina sura zaidi ya moja. Chukua kituo chenye watu 100 wanaokisikiliza dakika 10 kila mmoja, na kingine chenye watu 20 wanaokaa nacho dakika 100. Cha kwanza kimefikia watu mara tano zaidi. Cha pili kimesikilizwa dakika 2,000 dhidi ya 1,000. Vyote viwili vinaweza kuweka bango la "namba moja", na vyote viwili vitakuwa vimesema kweli. Jedwali lenu halikusema linapima kipi.

Ukubwa wa sampuli nao una lake. Kuhoji watu 1,000 si kosa. Wakichaguliwa kwa bahati nasibu halali wanatosha kutoa picha ya mamilioni. Ila picha hiyo ina ukungu. Kituo kikipata asilimia 20 katika sampuli ya 1,000, ukweli unaweza kuwa karibu asilimia mbili na nusu juu au chini ya hapo. Kwa hiyo wa kwanza mwenye 21 na wa pili mwenye 19 wanaweza kuwa sawa kabisa, au hata wa pili ndiye anaongoza. Na ukitaka kupunguza ukungu huo kwa nusu, unahitaji watu mara nne, ndiyo maana wanaolipia utafiti hawapendi kusikia habari hii.

Mambo huharibika zaidi sampuli inapokatwa vipande: vijana peke yao, asubuhi peke yake, eneo moja peke yake. Namfahamu mtangazaji aliyeondolewa hewani baada ya kipindi chake kushuka asilimia mbili kwa vijana kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Nilipata kuona karatasi za utafiti ule. Vijana waliohojiwa walikuwa kama 100. Asilimia mbili ya 100 ni watu wawili. Wawili hao huenda siku ya mahojiano walikuwa safarini, au walikutwa na mdodosaji aliyechoka. Mwenzangu alipewa barua ya shukrani na wiki moja ya kuaga.

Ndiyo maana nakusihi, Mhariri. Kila mtakapochapisha tena orodha ya vituo, wekeni chini ya jedwali idadi ya waliohojiwa, tarehe, njia iliyotumika, kilichopimwa, kiwango cha makosa (ule ukungu niliousema) na jina la aliyelipa. Mistari mitatu ya herufi ndogo inatosha. Kituo kikikataa kuwapa taarifa hizo, waandikieni wasomaji kwamba kimekataa, na jedwali msiliweke. Na tofauti ikiwa ndogo kuliko kiwango cha makosa, andikeni kwamba vituo hivyo viko sawa, hata kama kimoja kimeshachapisha mabango.

Ni mimi msomaji wako wa miaka mingi,
Mdodosaji wa zamani