Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mtandao Wetu na Sababu za Kuuzima kwa Siku Mbili

Ndugu wanachama,

Mafunzo yamefanyika kama ilivyopangwa, kompyuta zimepulizwa vumbi, programu zimesasishwa, na kumbukumbu za vikao anazo katibu. Hayo mnayajua.

Jambo lililozua maneno mwaka huu ni uamuzi wa kamati kuzima mtandao kwa siku mbili na kuichomoa ruta (kifaa kinachounganisha kompyuta na intaneti) iliyokuwa imeletwa na mwanachama mwenzetu katika chumba cha mafunzo. Imesemwa kwamba mwenyekiti alijiamulia. Imesemwa pia kwamba tatizo lilikuwa la mtoa huduma wa intaneti, na kwamba ingetosha kuzima ruta na kuiwasha tena. Haikuwa hivyo, na vipimo vipo.

Kwenye kompyuta zilizogoma, amri ya ipconfig, inayoonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao, ilitoa anwani zinazoanza na 192.168.0, ilhali ruta ya chama iko 192.168.1.1. Maana yake anwani hizo zilitolewa na kifaa kingine. Ruta nyingi za nyumbani hutoka dukani zikiwa tayari zinagawa anwani, yaani DHCP imewashwa. Ukiichomeka kwenye swichi (kifaa kinachokutanisha kebo zote) kupitia tundu la LAN, la mtandao wa ndani, wagawaji wanakuwa wawili, na kwa kawaida kompyuta hufuata ofa iliyotangulia kufika. Ndiyo maana mashine ileile ilifanya kazi asubuhi ikagoma mchana baada ya kuwashwa upya. Tulipopiga ping (amri ya kuuliza kama kifaa kinajibu) 192.168.1.1 kutoka kwenye mashine hizo, hapakuwa na jibu. Kama kosa lingekuwa la mtoa huduma, ruta yetu ingejibu, na kimya kingeanzia huko nje, kwenye 8.8.8.8, seva ya Google, kwa mfano.

Hatukumshuku mtu kwa kukisia. Tulipiga ping 192.168.0.1, tukaandika arp -a, amri inayoorodhesha vifaa vilivyojibu, tukapata anwani ya MAC, yaani utambulisho wa kifaa wenye herufi na tarakimu 12, kisha tukaigeuza ruta ile na kusoma lebo iliyobandikwa chini yake. Zililingana zote 12. Mwenye ruta alikuwa na nia njema, na kamati haijamlaumu. Ruta hiyo inaweza kurudi, ila DHCP izimwe, ipewe anwani ya 192.168.1.2 iliyo nje ya zile zinazogawiwa na ruta ya chama, na kebo iingie LAN, si WAN (tundu la intaneti).

Kuhusu kuzima kwa siku mbili: ruta ilipotoka, kompyuta kadhaa ziliendelea kukatikakatika. Hapo nilisisitiza, na nitaendelea kusisitiza, kwamba kebo zote zichomolewe, zipimwe, zirudishwe moja moja. Kebo zilikuwa 24. Zenye kasoro 7: nne zilifungwa rangi vibaya, mbili waya wa buluu umekatika ndani, moja kichwa kimelegea. Vichwa 14 vimekatwa na kubanwa upya.

Hizo nne ndizo zilizotusumbua miezi yote, kwa sababu testa (kipima kebo) ya kawaida inaziona nzima. Taa zote 8 zinawaka kwa mpangilio. Aliyezibana alipanga jozi zikifuatana: chungwa, kijani, buluu, kahawia. Lakini nafasi ya 3 na ya 6 lazima ziwe za jozi moja iliyosokotwa pamoja. Zikitoka jozi tofauti, msokoto haufanyi tena kazi yake, mawimbi ya jozi moja yanavuja kwenda nyingine, na data inapotea kazi inapozidi. Mpangilio sahihi, ncha zote mbili, ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Zile mbili za waya wa buluu zilikuwa zimeshuka hadi megabiti 100, kwa kuwa kasi ya gigabiti hutaka nyaya zote 8, na megabiti 100 hutumia ya 1, 2, 3 na 6 pekee.

Sasa niseme lililo moyoni. Kupima kebo kunahitaji mtu kila ncha, mmoja kwenye swichi na mwingine upande wa pili na kipande cha pili cha testa. Tuliomba watu 8, tukafika 3, nami nikiwemo. Wangefika wote, kazi ingekuwa ya siku moja. Mikutano ya kawaida ilikuwa 4, na akidi ilitimia mara 1. Si haki kukosa mkutano unaoamua jambo, kisha kulalamikia uamuzi wenyewe.

Ada: kati ya wanachama 46, waliolipa yote ni 19, nusu 11, na 16 hawajalipa chochote. Ndiyo sababu hatuna swichi ya akiba, na kebo zetu zina namba za kalamu juu ya utepe.

Tunatarajia, hali ikiruhusu, kupata swichi inayoweza kuzuia anwani zinazogawiwa na kifaa kisichoidhinishwa. Kwa sasa, kompyuta ikikataa mtandao, anza na ipconfig. Ukiona 169.254, haijapata wa kuigawia anwani: angalia kama taa ya tundu lake kwenye swichi inawaka. Ukiona 192.168.0, usiguse kitu, mwite fundi wa kamati siku hiyohiyo. Wenye madeni ya ada wamwone mweka hazina kabla ya mkutano ujao.

Mwenyekiti