Watu sio wavivu, hawana pa kupita

Ndugu mhariri,

Salamu kwako na timu yako yote. Naomba nafasi kidogo kuhusu hizi makala za afya mnazotoa, sio kwamba ni mbaya hapana, ila wimbo ni uleule kila siku, fanyeni mazoezi, punguzeni kukaa, jiungeni na jimu, mwisho wa siku msomaji anabaki kujiona yeye ndo tatizo. Mi naona tunamlaumu mtu ambaye sio. Mtu anatoka nje ya nyumba yake anakuta barabara haina hata kipande cha kupita mguu, magari yanakuja spidi, jua kali na mti hakuna hata mmoja, sasa hapo mnategemea atembee? Atapanda gari tu, na mimi nikiwa na haraka napanda vilevile.

Kuna utafiti wa zamani naupenda sana, wa daktari mmoja Jeremy Morris wa Uingereza, ulitoka 1953 kwenye jarida la Lancet. Alilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, watu wa kampuni moja, basi moja, njia moja. Dereva anakaa kutwa nzima, kondakta anapanda na kushuka ngazi kukata tiketi, na walioumwa sana moyo wakawa ni madereva. Sasa angalia hapo, yule kondakta hakuna aliyemhimiza, hakununua raba wala hakuamka alfajiri kukimbia, ni ngazi tu ndani ya basi ndo zilimfanyisha mazoezi bila yeye kujua. Hicho ndo ninachotaka mtaani, tuwekewe ngazi zetu.

Na msidhani nazungumzia kitu kidogo. Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu kwamba mwaka 2022 watu wazima karibu asilimia 31 duniani, kama bilioni 1.8 hivi, walikuwa hawafikishi kiwango cha kujongea mwili, wakati 2010 ilikuwa kama asilimia 26, yani pamoja na jimu zote zilizofunguliwa na maapu ya simu ya kuhesabu hatua bado tunarudi nyuma! Kiwango chenyewe sio cha kutisha, dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, kutembea haraka haraka kunahesabika. Tena mwongozo wao wa 2020 uliondoa lile sharti la zamani kwamba lazima uende dakika 10 mfululizo ndo ihesabiwe, kwahiyo hata ule mwendo wa kumpeleka mtoto shule na kufuata mboga umo. Ila ili mwendo huo uwepo lazima shule na soko viwe karibu na njia iwepo, na hapa ndo wapangaji wa miji wanatuangusha, unakuta duka unaliona kwa macho kabisa ila kuna ukuta katikati, mpaka uzunguke mitaa mitatu, nani atazunguka kwa mguu? Kijinjia cha kupenya kati ya nyumba mbili kinaweza kufanya kazi kuliko kampeni nzima ya afya. Na pale watu walipokwisha kuchimba njia ya mkato kwenye majani kwa miguu yao, badala ya kuweka kile kibao cha usikanyage majani si waitengeneze tu iwe njia, miguu imeshawachorea ramani bure.

Majengo nayo, lifti iko mbele inang'aa, ngazi zimefichwa nyuma ya mlango wa chuma, giza, zinanuka. Halafu tunasema watu hawapendi ngazi.

Kuhusu bustani nina neno, maana nahofia mkilichapisha hili kuna mkubwa ataamua kujenga moja kubwa nje ya mji, izungushiwe fensi, geti na kiingilio, akate utepe apige picha. Hiyo utaifikia kwa gari, sasa tumefanya nini? Kuna mtaalamu wa misitu ya mijini Cecil Konijnendijk alipendekeza mwaka 2021 kanuni ya 3-30-300, kila mtu aone angalau miti 3 kutokea kwake, mtaa uwe na kivuli cha miti asilimia 30, na eneo la kijani lisizidi mita 300 kutoka nyumbani. Mita 300 hata bibi na mkongojo anafika, ila awekewe benchi njiani apumzike, na taa pia, maana kwa wanawake wengi njia isiyo na taa ikishafika jioni ni kama haipo kabisa. Na watoto waachwe wacheze mpira, mlinzi asiwafukuze eti wanaharibu bustani.

Najua jibu litakuwa hakuna hela. Bogotá kule Kolombia toka 1974 wanafunga barabara kwa magari kila Jumapili na sikukuu, saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana, zaidi ya kilometa 120, watu wanajaa na baiskeli na watoto. Kigali nao toka 2016 wana siku zao za bila magari. Lami ileile iliyopo, unaongeza vizuizi na watu wa kusimamia basi. Na wenye maduka wanaoogopa kukosa wateja wakumbuke Copenhagen kule Denmark walipofunga mtaa wa Strøget kwa magari mwaka 1962, wafanyabiashara walipiga kelele hivyohivyo na leo ni moja ya mitaa ya maduka yenye watu wengi pale.

Kwahiyo mhariri ombi langu ni hili, makala ijayo ya afya msimtume mwandishi kwa mwalimu wa jimu. Mtumeni kwa wanaochora barabara na kutoa vibali vya ujenzi, aombe michoro ya mradi unaofuata, aulize mtu wa miguu anapita wapi, kivuko kiko wapi, miti mingapi inakatwa na mingapi inapandwa, halafu mtuchapie majibu pamoja na vyeo vya waliojibu.

Msomaji wenu wa siku nyingi