Mieleka ya wanawake isianze na mkanda

Mhariri,

Naomba nafasi kuzungumza na mapromota wa Arusha na Moshi wanaofikiria kuanzisha mieleka ya kulipwa ya wanawake. Msikimbilie kutengeneza mkanda wa ubingwa. Tafuteni kwanza wapiganaji, tena wasipungue wanane. Wakiwa wawili watakutana wao kwa wao kila onyesho hadi mashabiki wachoke. Wakiwa wanane mna mapambano 28 tofauti ya mmoja kwa mmoja, na akiumia mtu ratiba haifi.

Kabla hawajafundishwa kunyanyuana, wajue kuanguka. Waanze wakiwa wamechuchumaa, kwenye mikeka ya judo: kidevu kifuani, pumzi nje, mgongo wa juu utue bapa, na viganja vipige chini papo hapo, mikono ikiwa imetanuka. Anayeanza huogopa akatanguliza mkono nyuma ajizuie, na hapo ndipo kifundo cha mkono au kiwiko huvunjika. Shingo ikilegea, kisogo ndicho kinachogonga. Asiyelimudu hili asipandishwe ulingoni, hata tiketi ziwe zimekwisha.

Ulingo wa ndondi msiuazime hivi hivi. Sakafu yake hainesi vya kutosha, na kamba zake hazikufungwa kwa mtu anayejirusha kwa nguvu zote ili arudishwe. Wa mieleka una kamba tatu zilizokazwa, mbao juu ya fremu ya chuma inayonesa, sponji nyembamba, kisha turubai. Likaguliwe kabla ya kila pambano, maana mkunjo mmoja unatosha kumtegua mtu mguu.

Muda nao ni muhimu mno. Februari 2015, WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, iliwapa wanawake wanne pambano la kama nusu dakika, mashabiki wakaja juu mitandaoni. Oktoba mwaka huohuo Sasha Banks na Bayley walipewa dakika 30, wakazitendea haki. Aprili 2019, Becky Lynch, Ronda Rousey na Charlotte Flair ndio waliofunga WrestleMania 35, onyesho kubwa la mwaka la WWE. Basi wetu wapeni angalau dakika 12, wasiwe wa kujazia nafasi watu wakinunua soda.

Chumba chao cha kubadilishia kiwe na komeo, na mwamuzi ajue kupishanisha mikono juu kumwita daktari. Mkataba utaje malipo na nani atagharamia matibabu, usainiwe kabla mabango hayajabandikwa.

Mdau wa mieleka,
Arusha