Godoro la mtoto lianikwe uani, si barazani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi na walezi wenzangu juu ya jambo ambalo ndani ya nyumba husemwa kwa kunong'ona, na likitoka nje hutoka kwa kuzomewa: watoto walioanza shule ambao bado hukojoa kitandani.

Mwezi uliopita, nikielekea sokoni asubuhi hapa Ngamiani, Tanga, niliona godoro dogo limeegemezwa ukutani barazani, doa lake likiikabili barabara, na kando yake amesimamishwa mtoto wa kiume wa miaka saba hivi aliyekwisha kuvaa sare ya shule. Watoto wenziwe waliokuwa wakipita walimwimbia wimbo wa kikojozi. Hakulia. Alikuwa ameinamisha kichwa, akiusukuma mkoba wake kwa ncha ya kiatu, mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka wale walipochoka kuimba wakaenda zao. Mama yake, baada ya kuniamkia, aliniambia kwamba amemweka pale makusudi ili aone haya na aache.

Sina ulimi wa kumlaumu mama yule, kwani miaka thelathini iliyopita nami nilimfanyia mwanangu vivyo hivyo, na wakati huo nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mtu ambaye jamii ilinitarajia nijue zaidi. Leo mwanangu huyo ni baba, na mtoto wake wa miaka saba, ambaye ninaishi naye, naye hukojoa kitandani. Nilipomweleza mwanangu habari hiyo alikaa kimya kitambo, kisha akasema: "Mama, mimi nilikuwa nikijilazimisha kukaa macho hadi jogoo la kwanza ili nisilale kabisa. Nikisinzia tu, ndipo." Sikuwahi kulijua hilo. Nilikuwa nikimchapa asubuhi mtoto aliyekesha kwa kunihofu.

Hali hii kwa kiasi kikubwa hurithiwa. Mzazi mmoja akiwa alikuwa kikojozi utotoni, uwezekano wa mtoto wake kuwa hivyo hukaribia nusu, na wakiwa ni wazazi wote wawili, hufikia karibu robo tatu. Kwa hiyo baba anayempigia mwanawe kelele asubuhi angefanya vyema kwanza kumuuliza mama yake mzazi yeye mwenyewe aliacha akiwa na umri gani. Wala si watoto wachache: kati ya watoto 100 wenye miaka 5, karibu 15 bado hulowesha kitanda, wavulana wakiwa wengi kuliko wasichana, na kila mwaka unaopita takriban 15 kati ya kila 100 wenye hali hii huacha wenyewe bila dawa yoyote. Katika darasa la kwanza lenye watoto 60, wanne au watano wa namna hii si ajabu hata kidogo, ila kila mmoja wao hudhani yuko peke yake.

Mtoto huyu hafanyi uvivu wa kuamka. Usiku, mwili hutoa kwa wingi homoni iitwayo vasopresini, ambayo huziamuru figo zipunguze kutengeneza mkojo, na ndiyo maana wengi wetu huweza kulala usiku kucha bila kwenda haja. Kwa baadhi ya watoto homoni hiyo bado haijaongezeka usiku inavyotakiwa, hivyo figo huendelea kujaza kibofu kana kwamba ni mchana; kwa wengine kibofu kina nafasi ndogo au hujikaza kabla hakijajaa; na wengi wao, kibofu kikijaa, ubongo haupokei taarifa kwa nguvu ya kutosha kuwaamsha. Fimbo itarekebisha kipi kati ya hivyo? Vivyo hivyo kumfunga mtoto chura kiunoni, jambo ambalo nimesikia likisimuliwa kama tiba, hakuna linalofanya isipokuwa kumtia hofu mtoto ambaye tayari anaogopa usiku.

Hata hivyo kusema kwamba wengi huacha wenyewe si kusema tukae tu. Zipo dalili ambazo mzazi akiziona ampeleke mtoto kituo cha afya bila kungoja. Hapa pwani kichocho cha kibofu kipo, na mtoto anayeoga katika mito na madimbwi, kisha akatoa mkojo wenye damu, hasa mwishoni mwa haja, anahitaji kupimwa na kupewa prazikwanteli, dawa ambayo pia hugawiwa mashuleni. Ugonjwa wa selimundu (sikoseli) nao, ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nao duniani, huziharibu figo zikashindwa kuukoleza mkojo, hivyo mtoto hukojoa mwingi usiku na mchana. Huyo msimnyime maji kamwe, kwa kuwa ukosefu wa maji humletea maumivu makali. Mtoto aliyeanza ghafla kunywa maji kupita kiasi huku akikonda apimwe kisukari siku hiyo hiyo. Anayelia kwa maumivu akikojoa huenda ana maambukizi katika njia ya mkojo.

Kuna pia mtoto aliyekwisha kukaa miezi sita au zaidi akiamka mkavu, kisha akarudia. Huyu aulizwe kwa upole, na tena na tena, nini kimebadilika. Pengine amezaliwa mdogo wake, pengine wazazi wameachana au kuna msiba, pengine anachapwa mno shuleni au madrasani. Na pengine yupo mtu anayemgusa vibaya, na kukojoa kitandani ndiyo sauti pekee aliyobaki nayo. Mzazi anayeanza kwa mkwaju huifunga sauti hiyo.

Kwetu nyumbani tulianza na chakula cha usiku. Kama nyumba nyingi za Tanga, chajio chetu mara nyingi ni chai ya rangi na mkate, nasi tulikuwa tukinywa baada ya swala ya isha, mtoto akipanda kitandani na vikombe viwili vya majani tumboni. Majani ya chai yana kafeini inayouchochea mkojo. Sasa mjukuu wangu hanywi chai jioni, ila mchana hunywa maji vizuri tangu asubuhi, kwa maana kumkaushia mtoto koo siku nzima katika joto hili ni kumwumiza, na kibofu kisichozoea kujaa hakijifunzi kubeba. Kwa muda wa saa mbili kabla ya kulala tunampunguzia vinywaji. Hukojoa akianza kujiandaa kulala, na hukojoa tena anapopanda kitandani. Choo chetu kiko uani, penye giza, na niligundua kwamba alikuwa akisema amekwenda kumbe ameishia mlangoni. Nikamwekea ndoo yenye kifuniko chumbani na taa ndogo ya sola, na jambo hilo moja lilileta nafuu kuliko nilivyotazamia. Pia alikuwa akikosa choo siku mbili tatu, na utumbo uliojaa choo kigumu hukibana kibofu. Mapapai, mchicha na machungwa ya Muheza yamemsaidia, nayo msimu ukifika hayana bei ya kumshinda mtu.

Juu ya godoro nimetandika mpira, juu yake shuka, na kando naweka kanga kuukuu iliyokunjwa. Akiamka amelowa, hutoa shuka mwenyewe, na mimi humsaidia. Hiyo si adhabu, na sauti yangu ndiyo inayomwambia kuwa si adhabu. Huoga kabla ya sare, ili asiende shule na harufu. Godoro likihitaji jua, tunalianika uani, nyuma ya kamba ya nguo.

Kwa mtoto mkubwa kidogo ambaye haya hayakumtosha, madaktari wana kengele inayolia mara nguo inapolowa, ambayo ikitumiwa kwa miezi miwili mitatu huwasaidia takriban wawili kati ya watatu, na ipo dawa ya desmopresini, ambayo haifai kutumiwa bila maelekezo ya daktari.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Tuwaruhusu watoto kwenda haja wanapoomba. Nilikuwa nikiwakatalia, nikiamini wanatoroka somo, na wapo waliojifunza kutokunywa maji tangu asubuhi ili wasiniombe, wakarudi nyumbani na kiu na kuyanywa yote usiku.

Mjukuu wangu alikuwa amekaa majuma matatu mkavu. Juzi alfajiri alilowa tena, akaja kunigusa bega akisema "Bibi," bila kuendelea. Tukatoa shuka, tukatandika kanga, akajilaza upande wa pili, na saa kumi na mbili na nusu alikuwa amekunywa uji, yuko njiani kwenda shule.

Naomba jina langu lisichapishwe, kwa kuwa mtoto huyu anajulikana mtaani, na siri hii ni yake.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga