Kwa mpwa wangu wa Mikindani: jike kwanza, na kabla ya jike, banda

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia umeshapata eneo, na sasa unatafuta dume la farasi wa Kiarabu, mweupe, ili kazi ya babu zenu isiishie kwetu wazee. Nakuandikia hadharani kwa sababu wapo na vijana wengine wa Mtwara na Lindi wenye nia hiyo hiyo, na wote wanaanza na dume. Acha dume. Tafuta jike, na kabla ya jike jenga banda.

Mwaka 1866 Livingstone aliteremka hapo hapo Mikindani na ngamia, nyati wa kufugwa, baghala na punda, makusudi aone kama watamstahimili mbung'o kwenye njia ya Ruvuma. Walikwisha njiani, kwa maradhi na kwa kutendwa vibaya. Mbung'o bado yupo maporini, kwa hiyo farasi wako asichungwe vichakani. Akipata nagana, ugonjwa anaoueneza mbung'o, usikubali mtu amchome dawa kwa kipimo cha ng'ombe: mwili wa farasi hauihimili dawa hiyo, diminazini, kama ng'ombe anavyoihimili. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo.

Lakini anayeua haraka zaidi ni usubi, yule mdudu mdogo anayeuma jioni. Ndiye anayeleta ugonjwa wa farasi wa Afrika. Leo farasi ana homa, kesho mashimo ya juu ya macho yamevimba, au povu linamtoka puani, na wa povu mara nyingi haponi. Punda huweza kuwa na virusi hivyo bila kuonyesha dalili yoyote, basi usimfunge farasi jirani na punda. Saa 11 jioni awe ndani, atoke saa 2 asubuhi. Chumba kiwe mita 3.6 kwa 3.6, cha kuzalia kiwe kikubwa zaidi. Neti ya kitandani haitoshi, usubi hupenya matundu yake; weka wavu wenye matundu madogo zaidi na uupulizie dawa ya wadudu ya jamii ya pairethroidi. Feni inasaidia sana, mdudu huyu hana nguvu ya kuruka kwenye upepo. Samadi iondoke kila siku, maana huzaliana kwenye matope yenye kinyesi, na mvua zenu za Desemba hadi Aprili zinampa kila anachotaka. Chanjo ipo, hutengenezwa Afrika Kusini: chupa mbili tofauti, zinazopishana kwa wiki kadhaa. Jike mwenye mimba changa asichanjwe.

Sasa chakula. Farasi wa kilo 400 anataka kilo 6 hadi 8 za nyasi kavu kwa siku, maji lita 30 au zaidi, na gramu 30 hadi 50 za chumvi, kwa jinsi joto la pwani linavyomtoa jasho. Pumba usimtegemeze: fosforasi ni nyingi mno, kalisi kidogo, na akiila miezi mingi mifupa ya uso huvimba. Changanya na majani makavu ya karanga yasiyo na ukungu. Mahindi yenye ukungu yanaozesha ubongo wa farasi, nasema neno kwa neno. Na chakula cha kuku kisikaribie banda lake hata kwa bahati mbaya; dawa ya koksidia (vijidudu vya utumbo wa kuku) iliyomo, kama monensini, inaua moyo wa farasi kwa kiasi ambacho hakimdhuru kuku. Muulize mwenye mashine kilichosagwa kabla ya mzigo wako. Majani ya muhogo, mbegu za mbono, na malisho chini ya mikorosho wakati wa kupuliza salfa, vyote mbali.

Halafu mchanga wenu. Farasi anayekula chini anaumeza, unatuama tumboni na kumsokota. Kila wiki chukua madonge matano ya kinyesi ambayo hayajagusa ardhi, yatie kwenye mfuko wa plastiki angavu pamoja na maji, tikisa, ning'iniza robo saa. Kisha bonyeza kona ya chini kwa vidole. Ukisikia chembe zinakwaruza kama unga wa dona uliosagwa vibaya, na zinafika kijiko cha chai, nyasi ziwekwe horini juu ya mkeka wa mpira kuanzia siku hiyo.

Tuje kwa jike. Mabedui walihesabu koo za farasi hawa, Kuhaylan, Saqlawi, Hamdani, Hadban, Abayyan, kwa upande wa mama. Wamakonde, Wamakua na Wayao hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Dume zuri unaweza kulipia apande mara moja. Jike ndiye utakayekaa naye miaka 15, na kila kosa lake litajirudia bandani kwako.

Tafuta aliyekwisha kuzaa, miaka 6 hadi 10, kimo cha sentimita 145 hadi 155 begani. Anza na miguu na kwato. Kisha simama nyuma yake: uke uwe wima, ukilala kuelekea ndani, kinyesi huingia, uchafu hupanda hadi mji wa mimba, na utapandisha mwaka mzima bila kitu. Kichwa, ule uso uliobonyea ambao kila mtu anauimba, kiangalie mwisho. Weupe nao usikupumbaze: ni mvi. Amezaliwa mwekundu au mweusi, na ngozi yake chini bado ni nyeusi.

Kabla hujalipa hata shilingi, ng'oa nywele 30 za shingoni zikiwa na mizizi, zipelekwe maabara kama ile ya Chuo Kikuu cha California, Davis. Kuna ugonjwa wa kurithi wa kukosa kinga: mtoto huzaliwa mzima, dang'a humlinda wiki chache, kisha mapafu yanaoza na anakufa kabla ya miezi sita. Kuna mwingine wa ubongo, kichwa hutetemeka na hatua hupotea. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa ugonjwa uleule, yaani wanaubeba bila kuugua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mgonjwa. Mbebaji mmoja si mkosi. Mpandishe kwa asiyebeba.

Joto la jike, siku zake za kutaka dume, hurudi kila siku 21 na hudumu siku 5 hadi 7; yai hutoka siku moja au mbili kabla ya joto kuisha, hapo ndipo pa kupandisha. Mimba ni siku 340 hivi. Chuchu zikitoa nta, usilale. Kinachotangulia kutoka kiwe utando mweupe unaong'aa. Ukiona kitu chekundu kama mahameli, usisubiri daktari: kipasue hapo hapo kwa mkasi umvute mtoto, kwa kuwa kondo limeshabanduka na ndani hana hewa. Baada ya hapo ni hesabu ya saa: asimame ndani ya saa moja, anyonye ndani ya mbili, kondo litoke ndani ya tatu. Kitovu cha mtoto kichovye kwenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu.

Maonyesho nayasemea machache. Ulaya na Uarabuni majaji hutoa alama hadi 20 kwa kila sehemu: sura ya Kiarabu, kichwa na shingo, kiwiliwili, miguu, mwendo. Ila farasi aliyeishi kwetu, kwenye ugonjwa wa usubi, nchi hizo hazimpokei kirahisi, kwa hiyo usimzalishe kwa ndoto ya Maskati. Mfunze kusimama miguu minne sawa, dakika mbili, kamba ikiwa legevu, huku spika zinapiga kelele. Akiweza hivyo Nane Nane pale Ngongo, Lindi, ataweza popote.

Majibu ya nywele yakitoka, nitumie kabla ya kulipa.

Mjomba wako