Risala ya Kikundi cha Watumia Maji kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji, viongozi wa dini, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama. Tunakushukuru nawe kwa kuitikia mwaliko wetu. Barabara uliyopita tunaijua, hatuna haja ya kuieleza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza mwaka 2011 kikiwa na wanachama 12, wengi akina mama, ili kutunza pampu ya mkono aina ya Afridev. Leo tupo 31. Mafanikio ni makubwa mno: tumejenga uzio wa kisima, tumenunua kufuli mbili, na daftari la mapato limefunikwa nailoni. Aidha, mafundi wetu wawili, wote akina mama, wanaifungua pampu kwa spana moja tu, wakatoa pistoni na valvu ya chini bila kung'oa mabomba. Walioibuni walikusudia hivyo hivyo, itengenezwe na wanakijiji wenyewe.

Mheshimiwa, changamoto yetu ni moja, na kwa ruhusa yako tutakaa hapo. Ni mpira wa pistoni. Unaenea kwenye kiganja cha mtoto, lakini ukichakaa maji hayapandi: unapampu mara 40, maji hayajafunika kitako cha ndoo. Fundi wetu aliwahi kuchonga mwingine kutoka kwenye kandambili ya mumewe. Ulidumu siku tisa, na mume hadi leo anadai kandambili yake. Lindi mjini tumeambiwa tusubiri oda. Kuufuata Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 400, na nauli inaushinda mpira wenyewe mbali sana.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitutaka wananchi tumiliki miradi na kugharamia uendeshaji wake. Tumetii, fedha tunachanga. Duka ndilo hatulioni. Na tangu mwaka 1971 Serikali ilipanga kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji ndani ya mita 400. Sisi mita hizo tunazo, hata hazifiki. Kinachokosekana ni maji.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi alisema mipira ingefika wiki inayofuata. Tulimpigia makofi, tukampa jogoo. Wa mwaka jana aliona mpira ni jambo dogo, akatuahidi kisima kirefu cha sola chenye vituo vinane vya kuchotea. Yeye tulimpa mbuzi. Hatumlaumu mtu, mifugo ile ilitolewa kwa moyo mweupe. Ila sola hiyo mpaka sasa tunaisoma kwenye muhtasari wa kikao.

Kwa heshima kubwa, Mheshimiwa, sola hatuombi. Tunaomba boksi moja la vipuri: mipira ya pistoni, bushi za mkono wa pampu na fito mbili za kuvutia pistoni. Tunaomba pia duka moja la hapa tarafani liunganishwe na muuzaji wa jumla, ili vipuri hivyo vikiisha tujinunulie wenyewe. Orodha ipo mezani kwako, nakala mbili. Moja utaondoka nayo, nyingine tunaomba uisaini kabla ya chakula.

Zawadi yako ipo, imefungwa nyuma ya ofisi ya kijiji, na inakula vizuri. Kamati imeonelea ikabidhiwe siku boksi litakapofika.

Naomba kuwasilisha.